Jamhuri Ni Nani?

Ndugu yangu mdogo alipigwa chupa kichwani, akashonwa nyuzi 11, lakini kesi haikuwa yake. Kwa karatasi za korti iliandikwa Jamhuri dhidi ya kijana wa ploti yetu. Yeye mwenye kichwa alikuwa mlalamishi na shahidi, basi.

Manze, iliniuma. Jamhuri ilikuwa wapi tukitafuta boda usiku? Nani alikimbizana na fomu ya P3?

Halafu wamama wakaanza kuongea. Mamake yule kijana ndiye hukusanya kodi ya ploti. Alilipa bili ya hospitali, wazee wakakaa kikao, mathee akasema yaishe. Ndugu yangu akakubali haraka sana, na hiyo haraka ndiyo ilinitia wasiwasi. Huo ulikuwa msamaha, ama ni woga wa kufungiwa nyumba?

Kumbe kesi ya jinai huifuti vile unafuta meseji. Kifungu cha 204 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinataka mlalamishi airidhishe korti kwamba ana sababu za kutosha. Akiruhusiwa, mshtakiwa anaachiliwa huru. Hata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa Katiba ya 2010, hawezi kusitisha kesi bila idhini ya korti.

Hakimu alimuuliza kama kuna mtu amemtisha. Ndugu yangu akageuka kumtazama mama.

"Niangalie mimi," hakimu akamwambia.

Akakosa la kusema. Kesi ikasongezwa wiki mbili, aende afikirie.

Siku ya kurudi alikataa tumsindikize. Alituambia baadaye kwamba alimweleza hakimu amesamehe, ila hataki yule jamaa aishi ploti yetu tena. Jamaa alikuwa ameshahamia kwa mjomba wake. Kesi ikaondolewa.

Mimi ningependa afungwe. Kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu hadi miaka mitano kwa kumjeruhi mtu hivyo, na nilikuwa nishaihesabu yote mitano. Wanasheria watakwambia adhabu ina kazi zake: kulipiza kosa, kutisha wengine, kumrekebisha mkosaji, kulinda jamii. Sawa. Lakini kazi niliyoiona kwa macho yangu inatangulia hizo zote. Kesi ikiwa yako peke yako, mwenye nguvu atakuja kuinunua kwako, na bei ataipanga yeye. Au mabroo wako, kama mimi, wataibeba na mawe mkononi.

Ikiwa ya Jamhuri, mnunuzi anapata mlango umefungwa, na mimi pia napata umefungwa. Mtu mmoja tu aliulizwa anataka nini, mama akiwa mbali, mimi nikiwa mbali, na kodi ya mwezi ikiwa bado haijalipwa.