Hilux yetu iliwaka ikazima, nikamshtaki mtu asiye na kosa

Baraka, Fizi. Ndugu wasomaji, mmezoea kusoma hapa habari za barabara, za bei ya ndakala na za mafuriko. Leo naomba niwaeleze habari ya gari yetu ya nyumbani. Ni deni ninalolipa, na mkifika mwisho mtajua ni la nani.

Gari ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, ya mazuti. Mimi na shemeji yangu tuliinunua kwa kuchanga. Yeye ndiye shoferi. Mimi napanda naye siku ambazo sina kazi ya habari. Inabeba akina mama wa ndakala na mawese kutoka hapa Baraka mpaka Uvira, inarudi na sabuni, saruji na unga. Watoto sita, wake na wangu, wanasoma kwa makuta ya gari hiyo.

Msimu wa mvua uliopita ikaanza tabia. Asubuhi ukigusa kontakti, inawaka mara moja. Dakika tatu, nne, inazima. Ukingoja dakika kumi inawaka tena kama vile haijakufanyia kitu. Siku za kwanza tulikuwa tunacheka. Kisha siku moja ikatuzimia kati ya Mboko na Swima, saa moja jioni, akina mama saba wakiwa nyuma juu ya mizigo. Wanaoijua barabara ile hawana haja nieleze saa moja jioni ni nini. Akina mama waliacha kuzungumza, mmoja akazima simu yake ili mwanga usionekane. Robo saa baadaye gari iliwaka. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka tena.

Fundi wa kwanza aliisikiliza bila hata kufungua boneti. "Pompi ya injeksioni imekufa," akasema. Pompi ya mtumba pamoja na kazi yake: dola 400. Sisi tulikuwa na dola 90 nyumbani, na hizo zilikuwa za minervali.

Tukarudi, shemeji akafungua kizibo cha chini ya filtri, pale maji yanapojikusanya, akamwagia kwenye chupa nyeupe. Tukaiacha itulie. Mazuti yakapanda juu, na chini tukaona maji, kama kijiko kimoja cha chai. Basi, nikasema, mchawi tumempata.

Mazuti tulikuwa tunanunua kwa mama mmoja anayeuza kwa bidoni karibu na parkingi, mmoja wa wale ambao katika miji mingi ya Kongo huitwa Kadhafi. Ni mjane. Nilimfuata mbele ya mashoferi, nikamwambia, "Mama, wewe unatuuzia maji." Akanitazama. "Mtoto wangu, bidoni hii hapa. Mimina kwenye chupa yako, sote tungoje, tuone." Sikumimina. Nilikuwa na haraka ya kuwa na haki.

Kazi yangu mnaijua. Nikisema neno parkingi asubuhi, jioni limefika sokoni. Wiki haikuisha, mashoferi wakahamia kwa muuzaji mwingine. Na mimi nilikuwa nimeshaandika nusu ya makala kuhusu mazuti yenye maji. Hata kichwa cha habari kilikuwa tayari, na nilikipenda sana.

Tulianza kununua mazuti kituoni. Gari ikaendelea kuzima vilevile. Hapo ningepaswa kusimama. Lakini nilijieleza kwamba yale maji ya zamani hayajaisha ndani ya tanki.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja, shoferi wa malori wa zamani, ambaye sasa analima mihogo yake na hana garaji. Swali lake la kwanza lilitushangaza: "Inazima kama taa, au kama mgonjwa?"

Akatufafanulia. Juu ya pompi ya mazuti kuna kidude chenye waya mmoja. Ukiweka kontakti, kinafungua njia ya mazuti. Waya ukilegea, njia inafungwa na moteri inakatika papo hapo, kama taa. Hapo tafuta umeme. Lakini gari inayokohoa, inayotetemeka na kupungukiwa nguvu kidogo kidogo hadi kuzima, hiyo ina njaa: ama mazuti hayafiki, ama inakunywa hewa kwenye tiyo iliyopasuka. Yetu ilikuwa mgonjwa. "Na pompi iliyochoka," akaongeza, "mara nyingi inakataa kuwaka moteri ikiwa ya moto. Yenu ya moto inawaka. Wekeni makuta yenu."

Kwanza akafungua kifuniko cha tanki na kutuambia tuwashe hivyo hivyo. Kifuniko kikiziba hewa, mazuti yanapotoka hakuna kinachoingia mahali pake, na tanki linaanza kuyavuta kurudi nyuma. Ikazima. Si kifuniko.

Mara tu ilipozima, akabonyeza ile pompi ndogo ya mkono iliyo juu ya filtri. Ilishuka, lakini haikupanda. Ilibaki chini, imenyonywa. "Tazameni. Kama ingekuwa hewa, ingepanda laini na mngeona mapovu. Hii inavuta, na kuna mtu anaishika upande wa pili." Baada ya dakika chache ikapanda yenyewe, polepole.

Kisha akafanya jambo ambalo naomba wenye gari za esansi wasilijaribu kabisa, maana esansi karibu na moteri ya moto ni kifo. Kwa mazuti, ukiwa mwangalifu, inawezekana. Alichukua bidoni ya lita 5, akaifunga kwa kamba juu ya kabini, akaiunganisha kwa tiyo safi moja kwa moja mpaka kwenye filtri. Tanki tukaliruka kabisa. Gari ikawaka. Dakika tano, kumi, nusu saa. Shemeji akazunguka nayo uwanja wa mpira mara nyingi kiasi kwamba watoto walianza kuikimbiza. Haikuzima. Pompi nzima, filtri nzima. Shida ilikuwa nyuma, ndani ya tanki.

Mzee akaniuliza, "Mazuti unayachuja na nini?" Nikamwonyesha chupa yangu ya plastiki niliyoikata kitako. Mdomoni mwake mimi huweka kipande cha godoro, kinazuia uchafu. Nilijivunia chupa ile. "Na hicho kipande kiko wapi?"

Hakikuwepo. Nikakumbuka kwamba miezi miwili nyuma kilipotea na nikakata kingine, nikidhani watoto wamekichezea.

Tulishusha tanki kesho yake. Kilikuwa humo, cheusi, laini kama ugali uliolowa, kimeanza kumeguka. Moteri ilipokuwa inavuta, kilikwenda kujibandika kwenye mdomo wa tiyo. Moteri ilipozima, kiliachia na kuelea. Ndizo dakika kumi zetu. Na yale maji ya kijiko? Mzee alisema karibu kila gari ya mazuti inayolala nje msimu wa mvua ina kijiko chake. Ndiyo maana kile kizibo kipo, na sisi tulikuwa hatujakifungua mwaka mzima.

Tulimpa dola 15 na kuku. Minervali ililipwa.

Makala ile niliifuta. Nikatia kipande cha godoro kwenye mfuko, nikaenda kwa yule mama. Alikuwa na bidoni tatu zimejaa, na hakuna gari mbele yake. Alikigeuza kwa kijiti, akakinusa. Nikaanza kuomba msamaha kwa sauti ya chini. Akanikata: "Siku ile hukuniambia kwa sauti ya chini. Nenda parkingi, useme pale pale."

Nilikwenda. Mashoferi walicheka sana, na wanne wakarudi kununua kwake siku hiyo hiyo. Wawili hawajarudi mpaka leo. Mmoja wao aliniambia kwamba labda na mazuti pia yalikuwa na kasoro, kwani mwandishi hawezi kusema kitu bure.