Tundu la Rupia

Nilianza kukusanya sarafu bila ya kukusudia. Mvua ya masika ilinikimbiza katika duka moja la vitu vya kale Mji Mkongwe, na mwenye duka, kwa kuona sina shughuli, akaniwekea kiganjani pesa moja ya shaba ya Sayyid Barghash. Ilikuwa na mwaka 1299 wa Hijria, yaani kadiri ya 1882, na picha ya mizani. Mizani ile ndogo, iliyosuguliwa na vidole vya watu wasiokuwa tena na wa kuwakumbuka, ilinishika. Nilitoa shilingi elfu tano nikarudi nyumbani nimelowa, nikiwa na furaha ya mtoto aliyeokota kombe.

Ukusanyaji, mpenzi msomaji, ni ugonjwa wenye adabu zake. Za kwanza nilifunzwa na mzee mmoja wa hapa Unguja, sonara wa zamani. Aliniambia nisihadaike na riale za Maria Theresa, kwani zote zimeandikwa 1780, hata zile zilizopigwa karne mbili baadaye. Anayekwambia "tazama mwaka wake" hajakwambia kitu. Alinifundisha kwamba rupia ya fedha ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, sawa na rupia ya Kihindi iliyokuwa mfano wake, na kwamba sumaku haiivuti. Tena akanitahadharisha na mambo mawili: sarafu iliyotobolewa na sarafu iliyosafishwa. La kwanza nililishika barabara. La pili nililisikia kwa sikio moja.

Mwaka 2022 kazi ya ualimu ilinipeleka Mbinga, katika baridi ya milima ya Wamatengo, ambako mahindi na maharage hupandwa kuzunguka mashimo yale ya ngoro na kahawa hufunika miteremko. Huko ndiko nilikoanza kununua kwa fujo. Wenyeji walipopata habari kwamba kuna mwalimu kutoka visiwani anayetaka hela kuukuu, watoto walinijia na makopo.

Na hilo neno hela lina kisa chake. Sisi wa visiwani tumezoea kusema pesa, neno lililotujia kutoka Bara Hindi. Ndugu zetu wa bara husema hela. Mpaka mwaka 1904 rupia moja ya Kijerumani ilikuwa pesa 64. Mwaka huo Wajerumani wakaleta hesabu mpya, heller 100 kwa rupia. Dola iliyoileta heller haikudumu hata miaka 15 zaidi, ilhali mpaka leo mtoto wa Mbinga akitaka ya daftari humwomba baba yake hela.

Katika makopo yale nilipata senti kumi nyingi za Kiingereza, zenye tundu katikati, na miongoni mwao kadhaa za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII. Mfalme huyo aliacha ufalme Desemba ya mwaka huo huo, kabla sarafu zenye sura yake hazijaenea huko kwao. Zetu za Afrika ya Mashariki hazikuwa na sura ya mtu, bali jina tu na tundu, zikatangulia kutoka. Mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja amejaa katika makopo ya Mbinga! Nilizinunua zote, na bei yake ilikuwa ndogo mno.

Nilitapeliwa pia. Kijana mmoja aliniletea "ile ya tembo", yaani rupia 15 za dhahabu zilizopigwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa vitani na hawaletewi tena sarafu kutoka kwao. Zilipigwa 16,198 tu. Ya kijana yule ilikuwa shaba nyeupe, tembo wake ana sura ya nguruwe, na bado nilimpa elfu kumi kwa kuogopa kwamba huenda nimekosea. Ya kuchekesha nimeyasema. Sasa nisemalo ni zito kwangu.

Likizo ya Juni iliyofuata niliteremka ziwani. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami zinazozunguka milima, na ghafla, katika kona moja, Ziwa Nyasa hukutokea chini kama bahari iliyopotea njia. Macho yangu ya kisiwani yalilitafutia jahazi. Nilipanda pikipiki kuelekea Liuli, ambako Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake. Hapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia kwa mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Mtu aliyekaribu na habari kama hiyo hudhani kila nyumba ina hazina.

Katika kijiji kimoja cha njiani nilipelekwa kwa bibi mmoja, mkongwe, aliyekuwa akigeuza usipa juu ya kichanja. Nilimwamkia, akaitikia, tukaulizana habari za nyumbani kwa kirefu. Kisha akaingia ndani akatoka na rupia ya mwaka 1891. Kaisari Wilhelm na kofia yake ya tai upande mmoja. Upande wa pili simba chini ya mnazi, na jina la kampuni, kwani wakati huo iliyopiga fedha ilikuwa kampuni ya biashara. Ilikuwa nyeusi kama kisima. Juu ya kichwa cha Kaisari palikuwa na tundu la msumari, na ndani ya tundu umepita uzi wa wavu.

Babu yake, alinieleza, alikuwa mpagazi. Kodi ya nyumba ilipoanza katika utawala ule, mwaka 1898, ilitakiwa kwa rupia, na rupia haikuota shambani. Ilibidi mtu akachukue mizigo ya wengine. Babu alilipa, akabakiwa na moja. Hiyo moja akaitoboa akamvisha binti yake, na tangu hapo kila mtoto aliyezaliwa nyumbani mle alivishwa mpaka aanze kutembea. Sasa watoto wako mjini, na wajukuu hawavishwi vitu. Alitaka shilingi elfu arobaini. Mjukuu wake alikuwa anaingia sekondari.

Nikasema, "Bibi, ina tundu."

"Ndiyo, mwalimu, ina tundu," akajibu, kama kwamba nimeisifu.

"Tundu linashusha bei."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Bila ya tundu ingevaliwaje?"

Nilikuwa na jibu. Nilimweleza wakusanyaji wanavyohesabu, nami nilihesabu hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Sikumwambia kwamba zipo heller 10 zilizotobolewa huko huko Ujerumani, na hizo hakuna mkusanyaji anayezikataa kwa tundu lake. Tundu la serikali ni sarafu. Tundu la mzazi ni kasoro. Nilimlipa elfu kumi na tano. Alizihesabu, akakata uzi kwa kisu cha samaki, akabaki nao.

Usiku ule Mbinga niliisugua rupia kwa ndimu na chumvi, kisha kwa dawa ya meno. Weusi wa miaka mia na zaidi ulishuka katika beseni, Kaisari akang'ara kama aliyenyolewa. Nikapiga picha nikampelekea mzee wangu Unguja, nikitarajia pongezi. Alijibu kwa maneno matatu: "Umeiosha? Basi umeiua."

Miezi kadhaa niliiweka kwenye droo. Haikuwa hasara ya fedha iliyoniuma. Sarafu yenyewe, kwa hesabu za wakusanyaji, ilikuwa ya bei ndogo tangu awali. Lililonirudia kila nilipofungua droo ni lile neno "linashusha", na jinsi nilivyolitamka. Juni iliyofuata nilirudi kijijini na elfu ishirini na tano zilizobaki ndani ya bahasha, na rupia ndani ya kitambaa.

Bahasha aliipokea, akashukuru, akaniambia mjukuu yuko kidato cha pili. Kisha nikafungua kitambaa nikamwambia, hii nayo nimeirudisha, ibaki nyumbani kwake. Aliichukua. Aliigeuza juani, akaisogeza karibu na jicho, akapitisha ncha ya kidole chake kidogo katika tundu, akakiacha humo kitambo.

"Tundu ni lenyewe," alisema. "Lakini hii si yetu, mwalimu. Yetu ilikuwa nyeusi."

Akanirejeshea, akageukia kichanja chake, akauliza kama nimekula.