Zawadi Isiyomfilisi Mtoaji

Kila ifikapo nusu ya pili ya mwezi wa Novemba, mji wetu wa Busia hubadilika sura. Wauza nguo hutandaza bidhaa zao hadi ukingoni mwa barabara. Wabadilishaji fedha huketi na mabunda yao ya noti. Na mabasi yatokayo Nairobi na Kampala huteremsha watu wenye masanduku, wanaorudi kwao kula sikukuu. Hapo ndipo linapoanza kusikika lile swali ambalo mwenye jamaa hulisikia hata kabla halijaulizwa: "Mwaka huu mmetuletea nini?" Sisi tumelijibu swali hili kwa miaka mingi, tena kwa mshahara wa ualimu, na tumeona si vibaya kuwasimulia wenzetu jinsi lilivyotutesa na jinsi tulivyojifunza hatimaye kulijibu bila kuumia.

Yafaa kwanza tueleze kikao chetu. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Mpaka huu si wa kale sana, kwani ni mwaka 1902 tu ambapo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika ile himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wana ndugu ng'ambo bila ya wao kuhama. Nyumba yetu nayo ni ya pande mbili: mmoja wetu alizaliwa upande wa Kenya, na mwenziwe ni mtoto wa Tororo, karibu na ule mwamba mkubwa ambao msafiri huuona kabla hajaziona nyumba za mji. Kwa hiyo Krismasi kwetu ni safari. Tunavuka kwa miguu, au tunapanda bodaboda, chombo ambacho jina lake lilizaliwa papa hapa mpakani, siku zile waendesha baiskeli walipokuwa wakiwaita abiria wa kupelekwa kutoka kituo kimoja hadi cha pili; kisha tunashika njia ya Tororo, vikapu vikiwa magotini.

Ilikuwa Desemba 2018. Mwezi wa Februari mwaka huo marais wa nchi hizi mbili walikuwa wamezindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, na watu walikuwa bado wanausifu wepesi wa kuvuka. Binti yetu wa kwanza alikuwa amefanya mtihani wake wa mwisho wa shule ya msingi, na mara matokeo yalipotoka akaitwa katika shule ya bweni. Tulikuwa tumeweka shilingi 30,000 za Kenya kwa ajili ya Januari: sehemu ya karo, sanduku, godoro na sare. Fedha zile tulizikunja katika bahasha, na juu ya bahasha tukaandika jina la mtoto.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kilichotula sisi kilikuwa ni aibu. Tulisikia kwamba shemeji mmoja afanyaye kazi Nairobi alikuwa amenunua mablanketi kwa kila nyumba, na tukaona haiwezekani sisi, walimu wa watu, tufike kwa wazee na kilo mbili za sukari. Tukaifungua bahasha "kwa kuazima tu". Tulikwenda sokoni siku tatu kabla ya Krismasi, wakati ambao kila mtu ana haraka na muuzaji analijua hilo. Hatukuwa na orodha. Tulikuwa na majina ya watu vichwani, na kila jina lilipotujia tulinyosha mkono.

Kulikuwa na mtego mwingine ambao sisi watu wa mpakani tungepaswa kuujua kuliko wengine wote. Hadi mwaka 1966 Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, kisha kila nchi ikatoa yake. Siku hizi shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda. Mtu akitoa 10,000 zetu, hurudishiwa zaidi ya 200,000, naye akitembea na bunda lile huhisi kwamba ametajirika njiani. Tulikuwa tukisema, "Hiki ni elfu arobaini tu," na lile neno "tu" halikuwa na msingi wowote katika hesabu. Tulinunua vitenge vitatu kwa ajili ya mama yetu wa Tororo, mzazi kwa mmoja wetu na mkwe kwa mwingine. Tukanunua mashati ya mashemeji, viatu vya watoto na bilauri za kioo ambazo hakuna aliyeziomba. Muuzaji alituita "mwalimu" kila mara kwa heshima kubwa, nasi tukaona haya kuomba apunguze bei. Na kwa kuwa baadhi ya zawadi zilikuwa za jamaa wa upande wa Kenya, ambako mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, ilitubidi tununue na vikapu papo hapo kabla ya kurudi.

Sikukuu ilikuwa nzuri, hatukani. Kuku walichinjwa, chapati zilipikwa, nyimbo ziliimbwa. Lakini tuliporudi nyumbani na kuifungua bahasha, mlikuwamo shilingi 4,000.

Mwezi wa Januari 2019 shule zilipofunguliwa, binti yetu alikaa nyumbani siku tano. Asubuhi alisimama mlangoni akiwatazama wenzake wakipita na masanduku yao mapya, wala hakutuuliza neno. Tuliomba mkopo katika chama chetu cha akiba, tukaambiwa tungoje. Tukakopa dukani kwa jirani, naye akatupa nusu ya tulichoomba. Habari za mpakani hazina miguu lakini hufika. Siku ya nne alikuja kijana wa Tororo na kifurushi. Mlikuwa na vile vitenge vitatu, vimekunjwa vile vile kama tulivyovitoa dukani, pamoja na maneno ya mama: "Wanangu, nguo hizi sijazivaa. Ziuzeni, mtoto aende shule."

Tuliviuza kwa bei iliyo chini ya nusu ya ile tuliyonunulia. Fedha zile zilinunua godoro. Siku ya sita tulimpeleka mtoto, na njia nzima hakuna kati yetu aliyezungumza sana.

Tulipokwenda Tororo wakati wa Pasaka ili kumwomba mama radhi, hakutugombeza. Alituandalia kiti kivulini, akaanza kutusimulia miaka ya Idi Amin. Baada ya Waasia kufukuzwa Uganda mwaka 1972, maduka mengi yaliishiwa bidhaa. Sabuni, chumvi na sukari zikawa vitu vya kutafutwa kwa siri. Kahawa ilivuka kwa magendo kwenda Kenya, na vitu vya dukani vikavuka kuja Uganda, na waliovivusha walihatarisha maisha yao. Mwaka mmoja, siku chache kabla ya Krismasi, jamaa kutoka upande wa Busia alifika usiku na mche mmoja wa sabuni na chumvi kidogo katika kitambaa. "Tuliukata ule mche kwa uzi," mama alisema, "kila nyumba ikapata kipande. Watoto waliogeshwa wakaenda kanisani wananukia. Nyinyi mwaka huu mlileta vitenge vitatu. Vitenge ninavyo. Nilitaka kuwaona nyinyi, na kusikia kwamba mjukuu wangu anasoma."

Sisi tunaofundisha Kiswahili tuna desturi ya kutafuta asili ya maneno pale tunapokosa la kujitetea. Wataalamu hulihusisha neno "zawadi" na neno la Kiarabu lenye maana ya masurufu, yaani chakula na mahitaji anayofungiwa msafiri. Tulipolifikiri hilo tuliona jinsi tulivyokuwa tumelipindua. Aliyekuwa msafiri ndani ya nyumba yetu Januari ile ni mtoto mmoja tu, naye ndiye aliyenyimwa masurufu. Mama, kwa kurudisha alichopewa, ndiye aliyetoa zawadi kwa maana yake ya asili. Kadhalika ile methali tunayowaandikia wanafunzi ubaoni, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri", tulikuwa tumeifundisha miaka mingi, tukifafanua kwamba "usambe" ni "usiseme", wala tusiisikie.

Tangu mwaka ule tumeshika taratibu chache. Ya kwanza ni kwamba bahasha ya Januari hujazwa kabla ya kikapu cha Desemba, nayo hatuiweki nyumbani. Hukaa katika chama cha akiba, mahali ambapo kuitoa kuna maswali. Ya pili, mwezi wa Oktoba tunaketi na karatasi na kuandika majina ya nyumba badala ya majina ya watu: nyumba moja, zawadi moja. Mbele ya kila nyumba tunaandika kiasi cha fedha, na hesabu yote huwa katika shilingi ya Kenya, hata kama tutanunua ng'ambo. Ya tatu, tunanunua kidogo kidogo kuanzia mwanzo wa Novemba. Mnunuzi asiye na haraka anaweza kuuliza bei, akaaga, akarudi kesho. Na katika nafaka anaweza kuomba nyongeza juu ya gorogoro bila kuonekana mchokozi. Tumegundua kwamba kuomba kupunguziwa hakumvunjii mwalimu heshima, mradi aombe kwa lugha nzuri.

Ya nne ni kuuliza. Zamani tuliona ni utovu wa adabu kumwuliza mtu anahitaji nini. Sasa tunapiga simu, na majibu hutushangaza: huyu anataka mafuta ya taa, yule dawa ya kutibu mbuzi, mwingine daftari za watoto. Mara nyingi vitu hivyo ni rahisi kuliko tulivyokuwa tukinunua. Na ya tano, tumekubaliana na ndugu zetu wa pande zote mbili kwamba watu wazima hawatapeana zawadi; badala yake kila nyumba huchanga kiasi inachoweza, tukanunua mbuzi mmoja na mchele wa kutosha, tukala pamoja.

Kuhusu kuvuka, tunawashauri wenzetu waziache njia za panya. Mwenye kitambulisho cha taifa hupita kituoni bila pasipoti, na kwa mfanyabiashara mdogo upo utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaoruhusu bidhaa zilizotengenezwa humu ndani, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, zipite kwa cheti rahisi pasipo ushuru wa forodha. Mwenye sukari na sabuni ya kuwapelekea wazazi hana sababu ya kutembea gizani kama walivyolazimika wazee wetu.

Tusiwafiche wasomaji kwamba mambo hayakunyooka mara moja. Mwaka wa kwanza mjomba mmoja alisema mbele za watu kwamba walimu wamekuwa wachoyo, na maneno yale yalituchoma. Tulinyamaza. Mwaka wa pili alituvuta kando akatuuliza jinsi tunavyoiandika ile karatasi ya Oktoba, kwa kuwa mwanawe naye alikuwa anakaribia kuingia sekondari. Hatuna hakika kwamba amesahau mablanketi ya Nairobi, wala sisi wenyewe hatujaisahau kabisa ile aibu. Kila Novemba tunapopita mbele ya maduka ya vitenge mkono hutuwasha. Tofauti ni kwamba sasa tuna karatasi mfukoni.

Binti yetu alimaliza kidato cha nne mwaka 2022, baada ya kulilalia godoro lile miaka yote. Krismasi ya mwaka huo alivuka nasi kwenda Tororo akiwa na mche mmoja wa sabuni alioununua kwa fedha zake mwenyewe. Bibi yake aliupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akamwita jirani aje auone.

Kwa wenzetu walio madarasani tunapendekeza zoezi moja. Kabla ya likizo ya Desemba, waambieni wanafunzi waandike insha kuhusu zawadi wanayoikumbuka kuliko zote, pasipo kuitaja bei yake. Sisi tumelifanya zoezi hilo mara kadhaa. Wanafunzi huandika kuhusu muwa, kuhusu kalamu ya marehemu babu, kuhusu kubebwa begani hadi sokoni. Zisomeni insha hizo kwanza, ndipo mwende madukani.

Tunawatakia nyote sikukuu njema, na Januari isiyo na madeni.