Kuchagua Njia katika Milima ya Wainka

Katika nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, iko milima mirefu iitwayo Andes, na katika milima hiyo palikuwa na dola kubwa ya watu waitwao Wainka. Watu hao hawakuwa na magari ya magurudumu, wala farasi, wala vitabu. Walakini walijenga barabara ambazo jumla ya urefu wake ilizidi maili 18,000. Matarishi wao walipokezana mbio kutoka kituo hata kituo wakichukua habari za mfalme, na hesabu za serikali ziliwekwa kwa nyuzi zenye mafundo. Mwaka 1532 Wahispania walifika, wakamkamata mfalme Atahualpa, na baada ya hapo dola ile ikavunjika. Lakini sehemu nyingi za barabara zile zilibaki, na leo watu wa pande zote za dunia huenda kuzikanyaga.

Mgeni afikapo Cusco, mji uliokuwa makao makuu ya Wainka, hukuta njia nyingi mbele yake, na nne ndizo zitajwazo sana. Wageni walio wengi huomba ile moja waliyoisikia jina, pasipo kuuliza kama yawafaa. Hapo ndipo makosa huanza, kwa maana njia hizo hazifanani, na aliyekosea huyatambua makosa yake akiwa tayari yuko mlimani, mwendo wa siku mbili kutoka barabara ya magari.

Kabla ya njia, jambo la kwanza ni pumzi. Cusco iko juu zaidi ya futi 11,000, yaani yapata mara mbili ya Nairobi. Huko hewa ni nyepesi, na mgeni huumwa na kichwa, hutapika na kukosa usingizi. Wale waliowahi kupanda Kilimanjaro waijua hali hiyo. Yafaa kukaa mjini siku mbili au tatu ili mwili uzoee, kunywa maji mengi, na kwenda polepole. Wenyeji huwapa wageni chai ya majani ya koka. Aliyezidiwa na ugonjwa huo hana budi kuteremshwa mara moja. Mtu hawezi kuushinda kwa ujasiri, na wako waliokufa kwa kujaribu.

Njia iliyo mashuhuri kupita zote ni ile iitwayo Njia ya Wainka, iendayo Machu Picchu. Urefu wake ni yapata maili 26, nayo hutembewa kwa siku nne. Siku ya pili hupanda hata futi 13,800, mahali paitwapo Warmiwañusqa. Fadhila yake ni kwamba mtu hukanyaga mawe yaliyotandikwa na Wainka wenyewe, akipita magofu baada ya magofu: Runkurakay, Sayacmarca, Phuyupatamarca na Wiñay Wayna. Siku ya nne huingia Intipunku, maana yake Lango la Jua, akauona mji wa Machu Picchu chini yake. Mji huo ulijengwa katika karne ya 15, na sifa zake zilienea duniani baada ya Mmarekani Hiram Bingham kuongozwa huko na wenyeji mwaka 1911. Wenyeji hawakuwa wameusahau. Bingham aliwakuta wakulima wakilima katika matuta yale yale ya kale.

Ili njia hiyo isiharibike, serikali ya Peru imeruhusu watu 500 tu kuianza kila siku, wakiwamo viongozi na wapagazi, na mgeni haruhusiwi kwenda pasipo kiongozi mwenye leseni. Nafasi hujaa miezi mingi kabla ya safari. Kila mwezi wa Februari, wakati wa mvua kubwa, njia hufungwa ili itengenezwe. Miezi ya ukavu ni tangu Mei hata Septemba.

Liko jambo jingine ambalo wageni wengi hawalifikiri. Wanyama wa mizigo wamekatazwa katika njia hiyo, kwa hiyo mahema, vyakula, majiko na vyombo vyote huchukuliwa migongoni mwa watu. Wapagazi hao aghalabu ni wakulima wa vijiji vya milimani, wasemao lugha ya Kikechua, ambao huacha mashamba yao ili wapate fedha. Zamani walibebeshwa mizigo ya kuvunja mgongo, hata mwaka 2001 ikatungwa sheria kwamba mpagazi asichukue zaidi ya kilo 20, yaani ratili 44. Na mizigo hupimwa kwa mizani mwanzoni mwa njia. Lakini sheria peke yake haitoshi. Mwenye kuuza safari kwa bei ya chini kabisa sharti apunguze gharama mahali fulani, na ni rahisi kupunguza mshahara wa mpagazi, chakula chake, au hema lake la kulala. Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Basi atakaye njia hiyo yampasa aulize kabla ya kutoa fedha: Wapagazi hulipwa kiasi gani? Hulala wapi? Hula nini? Mwenye kazi njema hujibu bila kusita.

Njia ya pili hupita kando ya mlima Salkantay, wenye urefu wa futi 20,574, yaani kupita Kilimanjaro. Hutembewa kwa siku nne au tano, na mahali pake pa juu panazidi futi 15,000. Nyumbu, yaani wale wazaliwao na punda na farasi, huruhusiwa kubeba mizigo. Mgeni huanza katika baridi ya theluji, kisha huteremka hata mashamba ya kahawa na migomba. Magofu njiani ni machache, lakini mwisho wake pia ni karibu na Machu Picchu. Yamfaa mwenye miguu ya nguvu apendaye milima kuliko majengo.

Njia ya tatu ni ya upande wa Lares. Hiyo ni njia ya kuwaona watu. Hupita katika vijiji vya wafugaji wa llama, mnyama wa jamaa ya ngamia asiye na nundu, ambako wanawake husokota sufu na kufuma nguo kwa rangi za mimea. Mkulima wa Nyandarua au Meru angependezwa sana huko, maana milima ya Andes ndiyo asili ya viazi ulaya. Wenyeji hulima aina nyingi mno, na vingine huvitandaza nje usiku vigandishwe na baridi, huvikanyaga kwa miguu, kisha huvianika juani. Viazi hivyo huweza kuwekwa ghalani miaka mingi.

Njia ya nne huenda Choquequirao, nayo ni ngumu. Mtu huteremka kutoka futi 9,500 hata mto Apurímac, ulio karibu futi 5,000, kisha hupanda tena hata futi 10,000. Na wengi hurudi kwa njia ile ile. Kwenda na kurudi ni yapata siku nne, katika jua kali. Ujira wake ni mji mkubwa wa Wainka ambao sehemu yake nyingi ingali imefunikwa na msitu, na wageni ni wachache sana. Yako matuta ya kilimo yenye kuta zilizopambwa kwa mawe meupe yaliyopangwa kwa sura ya llama. Hata mkulima wa Machakos, ambaye kazi ya matuta ameizoea, angesimama kuyatazama.

Basi mwenye kutaka kuingia Machu Picchu kwa lango la kale, na ajiandikishe mapema katika Njia ya Wainka. Mwenye kupenda theluji, aende Salkantay. Apendaye kujua maisha ya watu, aende Lares. Na mwenye magoti mazima atakaye upweke, Choquequirao yamngoja. Wala njia yo yote atakayoichagua asisahau waliobeba hema lake au kuongoza nyumbu wake. Safari ikiisha, mgeni hurudi kwao na picha zake, naye mpagazi hurudi kijijini kuchimba viazi vyake. Na kama atarudi na mgongo mzima na ujira wa haki, hilo hutegemea sana maswali aliyouliza mgeni siku ile alipochagua.