Vitenzi vya Kifaransa, -ki- na -nge-

Leo siandiki kuhusu seva wala hifadhidata. Naandika kuhusu vitenzi vya Kifaransa, ambavyo vimenila wiki mbili nzima.

Mjomba ana mashua hapa Diani, huwapeleka wageni kwenye miamba. Ameniomba programu ya kuwatumia ujumbe wageni wanaosema Kifaransa, usiku wa kuamkia safari. Upande wa Python ni mistari michache tu. Lugha ndiyo kazi.

Tazama: "Si la mer est calme, on sortira". Bahari ikiwa shwari, tutatoka. Sasa hii: "Si la mer était calme, on sortirait". Bahari ingekuwa shwari, tungetoka. Herufi chache tu, lakini mgeni akiisoma hiyo ya pili wakati wa kusi, minazi inavuma nje, ataelewa hakuna safari na atalala. Mjomba naye ameshanunua mafuta.

Sisi tuna -ki- na -nge-, kwa hiyo maana tunayo tayari. Tatizo ni mahali pa kuiweka. Kiswahili hurudia -nge- pande zote mbili. Kifaransa baada ya "si" huweka wakati uliopita (était), na hali ya masharti hukaa upande wa pili peke yake.

Subjonctif ndiyo inayotisha watu, na sijui kwa nini, maana sisi tunaisema tangu utotoni: "lazima mvae", a ikageuka e. "Il faut que vous mettiez le gilet". Kanuni yake inaandikika: chukua "ils mettent", toa -ent, bandika -e, -es, -e, -ent, kwa nous na vous chukua shina la nous, bandika -ions na -iez. Être, avoir, aller, faire, pouvoir, savoir, vouloir na vingine vichache nimeviwekea jedwali lao.

Msidhani e yetu inatosha kila mahali, lakini. "Ingawa bahari ni shwari" haina e yoyote, ila Kifaransa kinadai "bien que la mer soit calme". Kinyume chake, "natumaini mtakuja" ni "j'espère que vous viendrez", wakati ujao wa kawaida, sawasawa na kwetu.

Kwa hiyo sentensi nimezifunga, programu inajaza saa na mahali tu. Na saa nayo ina vituko: saa moja asubuhi ya mjomba inatoka "sept heures".