Samaki Mwekundu wa Yaya na Ndagala za Kwetu

Mwezi huu tumeombwa kuandika juu ya mapishi. Wengine watasema: mwalimu wa darasa la tatu anajua nini juu ya jiko? Ni kweli, sisi si wapishi. Lakini nyumbani kwetu samaki ametufundisha mengi, na mwenye kujua jambo la kufaa asilifunge kwenye kitambaa.

Sisi ni watu wa ziwa. Tumetoka upande wa Uvira, na tangu utoto Tanganyika tulikuwa tunaiona tukitoka mlangoni. Samaki wa mama alikuwa yule ambaye Warundi wanamwita mukeke, na watu wa Kigoma wanamwita mgebuka. Ni samaki yule yule, majina tu ndiyo yamevuka mpaka. Hapa kwenye vilima vya Ruyigi ziwa liko mbali, kwa hiyo tunakula ndagala kavu za kupimiwa kwa kikombe, na hizo nazo ni siku ambayo pesa imepatikana.

Yaya wetu, mtoto wa kwanza wa mama, alisafiri kwenda Marekani mwaka 2018 pamoja na mume wake na watoto wawili. Walipelekwa mji wa Spokane, jimbo la Washington, kule kaskazini-magharibi. Mwaka uliofuata, alfajiri moja ya Jumapili, simu ikalia. Kwao ilikuwa bado Jumamosi jioni. Tukafikiri ni msiba, maana simu ya saa hizo si ya kheri. Kumbe yaya alikuwa analia kwa sababu ya samaki.

Alikuwa amepewa kipande kikubwa cha samaki wa kule anayeitwa salmoni. Akafurahi sana, akasema leo watoto watakula kama Uvira. Akamkata, akamtia kwenye sufuria pamoja na nyanya na maji, akamchemsha saa nzima, jinsi tunavyochemsha samaki mkavu. Samaki akavunjikavunjika, akawa mkavu kama pamba, nyumba nzima ikanuka. Watoto wakafunga pua, wakaomba mkate. Mkubwa akasema kwa Kiingereza kwamba hicho si chakula. Hilo ndilo lililomliza yaya. Alisema: "Mama, watoto wangu hawatakula tena chakula changu."

Tulikuwa tumeweka simu kwenye sauti ya juu, sisi sote tumezunguka mbabula. Mama hakumbembeleza. Alimuuliza maswali kama daktari.

"Ana magamba?"

"Yalishatolewa, mama. Ngozi iko."

"Nyama yake rangi gani?"

"Nyekundu, kama boga lililoiva."

"Ukimshika, vidole vinabaki na mafuta?"

"Ndiyo, mengi."

Mama akacheka. "Mutoto wangu, huyo samaki ana mafuta yake mwenyewe na nyama yake ni laini. Umemtendea kama samaki wa chumvi. Samaki mkavu anaomba maji na muda. Samaki mbichi wa mafuta anaomba haraka. Samaki ni samaki, haijalishi amezaliwa wapi."

Kuanzia siku ile mama akawa anamfundisha yaya kwa simu samaki ambaye yeye mwenyewe hajawahi kumwona kwa macho. Yaya naye akawa anauliza wenzake wa kazini na kuturudishia majibu. Sisi tulikuwa tunaandika kwenye daftari. Haya ndiyo yaliyomo, na tunayatoa kwa ajili ya wale wenye ndugu huko ng'ambo.

Kwanza, kama samaki ametoka kwenye barafu, asiachwe juu ya meza kutwa nzima. Awekwe kwenye frigo usiku mmoja, ayeyuke polepole. Kisha apanguswe maji kwa kitambaa safi, maana samaki mwenye maji hakaangiki, anachemka tu. Mpishi apitishe kidole juu ya nyama, kuanzia kichwa kwenda mkia, na akikuta mwiba autoe. Mikono na kisu vioshwe kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine.

Njia ya kwanza ni kukaanga. Tia chumvi, pilipili kidogo na ndimu. Weka mafuta kijiko kimoja tu kwenye kikaango, yapate moto, kisha laza samaki upande wa ngozi uwe chini. Usimguseguse. Baada ya dakika tano au sita utaona rangi ya nyama inabadilika kuanzia chini kupanda juu. Mgeuze mara moja, dakika mbili au tatu, basi ameiva. Ukiona maziwa meupe yanatoka pembeni, usiogope, si ubovu. Ni sehemu ya nyama yake mwenyewe, na yakitoka mengi ujue moto umezidi.

Njia ya pili ni ya kufunga. Kwetu tungemfunga kwa jani la mgomba. Yaya anatumia karatasi ya aluminiamu. Ndani anatia kitunguu, nyanya, ndimu na chumvi, anafunga vizuri, anaweka kwenye oveni ya nyuzi 200. Kipande chenye unene wa sentimita mbili na nusu kinatosheka na dakika 12 hadi 15. Mvuke wake ndio unaompika.

Njia ya tatu ni ya mchuzi, na ndiyo iliyowarudisha watoto mezani. Siri ni kupika mchuzi kwanza bila samaki: kitunguu, kitunguu saumu, nyanya, karoti kama ipo, mpaka nyanya ziive na mafuta yaonekane juu. Samaki anaingia mwisho, vipande vikubwa, funika, punguza moto, dakika nane hadi kumi. Usikoroge. Ukimgusa kwa uma na nyama ikaachana kwa urahisi, ipua. Wenye kipimo cha joto wanasema ndani ifike nyuzi 63. Mama anasema uma unatosha.

Njia ya nne ni ya salmoni wa kopo, ambaye bei yake ni nafuu. Huyo ameshapikwa kiwandani. Mifupa yake ni laini, inaliwa na inajenga mifupa ya watoto. Anaponda pamoja na viazi vilivyochemshwa, yai moja na kitunguu, anafinyanga madonge bapa, anakaanga. Chakula kikibaki kikae kwenye frigo, kiliwe ndani ya siku tatu.

Wasomaji wa hapa kambini wataswali: na sisi tusio na oveni wala frigo? Ndugu zetu, faida ilikuwa kubwa kwetu pia. Zamani sisi tulikuwa tunatia ndagala kwenye maji pamoja na nyanya tangu mwanzo, makala yanaisha na ndagala zinakuwa uji. Sasa tunafanya hivi: tunachagua mawe na mchanga, tunaosha haraka kwa maji ya uvuguvugu mara mbili, tunazikausha juu ya sufuria tupu mpaka zitoe harufu nzuri. Tunaziweka pembeni. Tunapika kitunguu na nyanya kwa mafuta ya mawese kama yapo, na ndagala zinaingia mwisho, dakika kumi tu. Makala tuliyokuwa tunatumia kwa sufuria moja, sasa yanabaki ya kuchemshia maji ya kunywa. Posho ikiwa ndogo, makala ni chakula pia.

Sasa tuwaambie sehemu ambayo ni ngumu kwetu kuandika.

Mama naye alikuwa ameombewa safari. Mahojiano yalipita, vipimo vya afya vilipita. Alikuwa ameanza kugawa vitu: mbabula kwa jirani, mikeka kwa mama mkubwa. Alikuwa anasema, "Nikifika, siku ya kwanza nitampika yule samaki mwekundu mimi mwenyewe, nione kama nimefundisha kweli ama nimedanganya." Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari za watu wengi zikafutwa. Ya mama ilikuwa mojawapo. Hadi tunapoandika hajaitwa tena.

Alikaa siku tatu bila kusema. Sisi tunaofundisha watoto 70 kunyamaza, tulishindwa kumfanya mtu mmoja azungumze. Tukaenda kwa jirani kuchukua mbabula, kwa aibu. Jirani alikuwa ameshaisafisha, ameiweka mlangoni, anatungoja.

Mwezi uliofuata vita ya Kivu ikasukuma maelfu ya watu kuvuka mto Rusizi kuingia Burundi. Wawili wa ukoo wetu wakafika kwetu, miguu imevimba, na mtoto mgongoni. Ndipo mama akainuka. Alichukua pesa aliyokuwa ameweka kwa ajili ya viatu vya safari, akatutuma sokoni. Tulirudi na mikeke mitatu iliyokaushwa kwa moshi, kitu ambacho hatukuwa tumekiona nyumbani kwa muda mrefu.

Jumamosi ile yaya alipiga simu. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni, kwao saa mbili asubuhi, na hakuwa na kazi. Mama akamwambia, "Weka sufuria yako, mimi naweka yangu." Wakapika pamoja, mchuzi kwanza, samaki mwisho. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye debe la maji. Mama anauliza, "Nyanya zimeiva?" Yaya anajibu, "Bado kidogo." Mama anasema, "Basi nangoja." Kweli akangoja. Mjukuu mkubwa, yule aliyefunga pua mwaka ule, akaja karibu na simu akasema kwa Kiswahili cha kukatakata, "Bibi, mie ndio nilitia chumvi." Mama aligeuza uso, akasema moshi unamwingia machoni.

Wakati tunakula, yaya akatueleza maisha ya salmoni. Anazaliwa kwenye mto wa maji matamu, anashuka baharini, anakaa huko miaka, na akikomaa anarudi kwenye mto aliozaliwa ili atage mayai. Anapanda maporomoko, hali chakula, na wale wa Bahari ya Pasifiki wakishataga wanakufa. Wageni wetu waliacha kula, wakasikiliza. Mama akasema, "Huyo ana bahati, njia ya kurudi kwao anaijua na hakuna wa kumzuia."

Yaya akasema hapana, mama, na yeye amezuiwa. Mto wa Spokane unaingia mto mkubwa wa Columbia, na huko lilijengwa bwawa la Grand Coulee, lililomalizika mwaka 1942, bila njia ya samaki kupita. Tangu hapo salmoni hawakufika tena juu. Wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao walikuwa wanaishi kwa samaki huyo, waliendelea kumkumbuka vizazi na vizazi. Miaka hii wameanza kumrudisha kwa mikono yao, wanamwachilia kwenye mito ya juu, wanangoja kuona.

Mama alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Na wale wanaongoja, wakati huu wanakula nini?"

Yaya akacheka, akasema, "Wanakula kinachopatikana, mama."

"Basi kama sisi," mama akasema, akamwongezea mgeni mchuzi.

Wapendwa wasomaji, hatuna fundisho kubwa la kuwapa. Mwenye ndugu ng'ambo amsomee hizi njia nne kwa simu. Mwenye ndagala leo ajaribu kuzitia mwisho, aone makala yatakayobaki. Na mwenye mama nyumbani aulize jinsi anavyopika, aandike kwenye daftari, hata kama ni la mtoto wa shule. Sisi daftari letu lilikuwa la hesabu. Upande mmoja kuna jedwali la kuzidisha, upande mwingine kuna samaki.

Mbabula ya mama bado iko kwetu. Anayetaka kuiazima aje, ila airudishe kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi. Saa hiyo ina kazi.