Kibaba cha Maji

Nyumba ya binti yangu ina upana wa takriban mita mbili. Ni mashua nyembamba ya chuma, yenye jiko, bafu na kitanda, naye huishi humo pamoja na mumewe na mtoto wao katika mifereji ya Uingereza. Kwa kuwa hawana gati lao la kudumu, hawaruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Nilipokwenda kuwazuru nilikuwa na dukuduku moyoni: je, msichana aliyelelewa Mombasa ataweza kutunza tohara na swala zake katika maisha ya namna hii?

Kabla ya kuondoka Birmingham tulipita kwa mchinjaji wa Kiislamu. Mji huo una Waislamu wengi na nyama ya halali haina tabu, lakini si hivyo katika vijiji vilivyo mbele. Tulinunua nyama ya wiki nzima, mchele na viungo. Mkwe wangu alibadilisha mtungi wa gesi, akajaza dizeli, kisha akapanga juu ya paa magunia ya makaa ya mawe kwa ajili ya jiko linalopasha chumba joto.

Tukashika mfereji uendao Worcester, uliokamilika mwaka 1815 zama za mashua kukokotwa na farasi. Mwendo ni wa mtu atembeaye kwa miguu. Tulipita chini ya kilima, katika handaki la kiasi cha kilomita mbili na nusu, taa yetu ikimulika matofali yenye unyevu.

Kwetu Mombasa nimezoea kununua mitungi kwa wachuuzi wa mikokoteni. Huko nilijiona nimefika katika nchi isiyojua shida ya maji, nikawa natawadha huku bomba likitiririka. Siku ya tatu, magharibi, binti yangu akimwogesha mwanawe, pampu ikanguruma na maji yakakatika. Tangi lilikuwa limekauka, na kituo cha maji kilikuwa mwendo wa saa kadhaa. Maji ya mfereji yalituzunguka pande zote, lakini huweza kubeba maradhi yatokanayo na mkojo wa panya. Hayanywewi, wala mtoto haogeshwi nayo.

Hakunilaumu. Alimpangusa mtoto povu kwa kitambaa, akatwaa birika, akamimina maji katika kikombe na kunikabidhi. “Mama, hiki ndicho kibaba chetu. Si wewe uliyenifundisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudi moja?” Mudi haifiki hata lita moja. Nilitawadha kwa kikombe kile, kikanitosha, na haya ikanijaa.

Asubuhi tulifika kituoni. Ufunguo mmoja hufungua mabomba na vyumba vya huduma katika mifereji mingi ya nchi. Tuliunganisha mpira wa maji, na tangi likachukua zaidi ya saa nzima kujaa. Wakati huo mkwe wangu alivaa glavu, akachomoa tangi dogo la choo, akalibeba hadi mahali maalumu pa kulimwagia na kulisuuza. Bomba la kusuuzia ni mbali na la maji ya kunywa, na mpira wa hili haugusi lile. Kisha alikagua mafuta ya injini na kukaza grisi ya shafti, ili maji yasipenye ndani.

Nikapata jawabu la dukuduku langu. Sisi wa nyumba za mawe huvuta maji chooni tukasahau. Wao hubeba uchafu wao kwa mikono yao, na hujua kila tone limetoka wapi na litakwenda wapi. Mtu wa namna hiyo hafundishwi tohara na mgeni.

Mbele yetu palikuwa na Tardebigge, penye malango 30 ya maji yanayoshusha mashua ngazi kwa ngazi. Nilisukuma milango yake kwa mgongo, pamoja na binti yangu, tangi likiwa limejaa.

Nimerejea nyumbani. Mchuuzi wa maji bado hupita na mkokoteni wake asubuhi. Kando ya pipa langu sasa kuna kikombe kimoja, na wajukuu wa hapa wamekwisha kukizoea.